Kitabu cha kumpa mpwa anayekwenda chuo kusoma sayansi

Swali: Mpwa wangu amemaliza Kidato cha Sita mchepuo wa PCB na amepata Division One. Ameomba udaktari kwenye vyuo zaidi ya kimoja na majina ya waliochaguliwa bado hayajatoka. Ni binti wa dada yangu, nimemlea tangu akiwa darasa la tano. Nataka nimpe kitabu kabla hajaondoka, kitu cha kukaa nacho. Nimetenga shilingi 60,000. Dukani nimeonyeshwa kitabu kikubwa cha biolojia ambacho bei yake imenishinda, ingawa nimeambiwa fotokopi ipo, na kingine cha mbinu za kufaulu chuoni. Mimi ni fundi umeme, vitabu vya sayansi sivijui. Nichukue kipi? Na cha Kiswahili hakuna?
Mjomba, Morogoro

Jibu:

Kaka, hongera kwa matokeo ya binti. Division One ya PCB haiokotwi, na aliyemlea anastahili sehemu yake ya pongezi.

Hivyo viwili ulivyoonyeshwa, viache dukani vyote.

Kile kikubwa, kwa ulivyonieleza, nadhani nakijua. Kina kurasa zaidi ya elfu moja na picha za rangi, na ni kitabu kizuri sana. Ila kitabu cha kozi huchaguliwa na mhadhiri, si na mjomba. Kila kozi huja na orodha yake, na ukinunua mapema unaweza kujikuta na toleo la zamani au kitabu ambacho hakimo kabisa. Akipangiwa udaktari, mwaka wa kwanza atazamishwa kwenye anatomia, fiziolojia na biokemia, na hicho cha biolojia ya jumla kitaishia chini ya kitanda cha hosteli. Maktaba ya chuo itakuwa na vitabu vya namna hiyo. Tena kuna OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Texas, ambao tangu 2012 unatoa vitabu vya kiada vya chuo bure mtandaoni: biolojia, kemia, fizikia, takwimu, anatomia na fiziolojia. Anavipakua kihalali kwenye simu na hadaiwi na mtu. Na akipata mkopo wa Bodi, ndani yake kuna fungu la vitabu na viandikwa. Kwa hiyo vitabu vya kozi vina njia zake, na wewe tumia pesa yako pasipo na njia nyingine. Fotokopi ndiyo usiiguse hata kama ni ya bei ya kutupwa. Mchoro wa seli uliotengenezwa kwa rangi sita, ukipitishwa kwenye mashine ya wino mweusi, hugeuka doa, na mwanafunzi hawezi kusoma doa.

Hicho cha mbinu za kufaulu sina ugomvi nacho mkubwa. Kosa lake ni kwamba kinamfundisha analolijua. Binti aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka miwili kukimbizana na kemia hai hahitaji kuambiwa apange muda wake.

Anachokosa ni kingine, na nasema hivi kwa sababu nimefundisha kemia Kidato cha Tano na Sita kwa miaka mingi. Watoto wetu wanaifahamu sayansi kama jambo lililokwisha. Wanajua maana ya kitu, kazi zake, tofauti zake na kitu kingine kwa pointi saba, na wanajua vizuri. Lakini hawajawahi kukutana na mwanasayansi aliyekwama, aliyekosea hadharani, aliyegombana na mwenzake juu ya nani alitangulia, wala aliyechukua kitu cha mtu bila kuomba. Hawajui kwamba ule mstari mmoja kwenye noti zao ulimgharimu mtu miaka. Wakifika chuo wakapewa jaribio lisilotoa jibu lililotarajiwa, wengi huona wamefeli, kumbe hapo ndipo kazi inapoanzia. Zawadi yako ingefaa ijaze pengo hilo. Mtafutie kitabu ambacho hakitatoka kwenye mtihani, kinachomwonyesha sayansi ikifanywa na watu, na ikifanywa juu ya watu.

Kabla sijakutajia jina, tuangalie hilo la majina kutoka. Ameomba udaktari, na udaktari unaombwa na wengi wenye Division One kama yake. Anaweza kuchaguliwa awamu ya kwanza, na anaweza pia kujikuta kwenye famasia, uuguzi, sayansi ya maabara au shahada ya mikrobiolojia, ambazo zote ni njia nzuri. Ukimpa leo kitabu chenye neno daktari kwenye jalada, halafu mambo yakaenda upande wa pili, kila akikiona mezani kitamkumbusha alichokosa. Chagua kitabu kitakachobaki na maana popote atakapoangukia.

Ndiyo maana ningekushauri uchukue The Immortal Life of Henrietta Lacks cha Rebecca Skloot, kilichotoka mwaka 2010.

Henrietta Lacks alikuwa Mmarekani mweusi, mkulima wa tumbaku wa Virginia, mama wa watoto watano. Mwanzoni mwa 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore akilalamika kwamba anahisi fundo tumboni. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Kabla ya kumwanzishia matibabu ya mionzi, daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa kwenye maabara ya George Gey, mtafiti aliyekuwa amehangaika kwa miaka kuziweka hai seli za binadamu nje ya mwili. Za watu wengine zilikuwa zikifa baada ya muda mfupi. Za Henrietta hazikufa. Zilijigawa na kuongezeka maradufu kila baada ya saa 24 hivi, na hadi leo, ninapoandika haya, zinaendelea kugawanyika kwenye maabara duniani kote. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 31. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na hakuna aliyemwambia.

Zikaitwa HeLa, herufi mbili za mwanzo za kila jina lake. Zilitumika kupima chanjo ya polio ya Jonas Salk, zikapelekwa anga za juu, zikaingia katika utafiti wa saratani, wa virusi, wa dawa. Kampuni zikazizalisha na kuziuza. Familia yake ilikuja kujua mwaka 1973, zaidi ya miaka ishirini baada ya mazishi, na watafiti wakaja kutaka damu yao pia. Wakati huo seli za mama zinauzwa, watoto wake wengine hawakuwa na uwezo wa kulipia bima ya afya. Skloot alitumia takriban miaka kumi kuifuatilia habari hii, na sehemu kubwa ya kitabu ni yeye na Deborah, binti wa Henrietta, wakitafuta pamoja mama aliyekuwa nani.

Sasa sikiliza inavyofika hadi Morogoro. Seli hizo zina ndani yake vinasaba vya kirusi cha HPV, aina ya 18. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1980, kwamba HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na aina hiyo ya 18 aliikuta pia ndani ya HeLa. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Kutokana na ujuzi huo ikatengenezwa chanjo, na mwaka 2018 Tanzania ikaanza kuitoa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Hesabu umri wa mpwa wako, kisha muulize kama aliwahi kudungwa sindano ya HPV shuleni. Kama alidungwa, basi amebeba begani matokeo ya habari anayoisoma, na sidhani kama kuna kitabu kingine cha sayansi kitakachomgusa karibu namna hiyo.

Wapo wanaokipenda kwa sababu ya huzuni ya familia. Mimi nakipenda zaidi kwa sayansi iliyomo, ambayo imeelezwa kwa ufundi bila kumwaga istilahi. Binti atajua seli zinalishwa nini ili ziishi kwenye chupa, kwa nini seli za kawaida hugawanyika mara kadhaa kisha zikakoma na za saratani haziachi, na chromosomu za binadamu zilivyokuja kuhesabiwa sawasawa. Kuna sura moja ningempa hata mtu asiyesoma kilichobaki: mwaka 1966 mtaalamu wa vinasaba, Stanley Gartler, alisimama mbele ya watafiti wenzake akawaambia kwamba seli nyingi wanazodhani ni za ini, za damu au za viungo vingine si hizo. Ni HeLa tupu, zimevamia chupa zao kupitia vumbi, mikono na vifaa visivyo safi. Fikiria wewe ni fundi, umefanya kazi miaka kumi kwenye saketi unayodhani ni ya jiko, halafu unaambiwa waya wote ni wa nyumba ya jirani. Baadhi yao walikataa kusikia. Sayansi yenyewe ndiyo hiyo, na kwenye noti za Kidato cha Sita haimo.

Halafu kuna suala la ridhaa. Akienda wodini, maabara au kwenye utafiti wa kijijini, siku moja atakuwa na sindano mkononi mbele ya mtu asiyejua damu yake inakwenda wapi. Chuoni atafundishwa maadili ya utafiti kwa slaidi. Hapa atayapata kwa sura ya Deborah, aliyekaa miaka akiogopa kwamba mama yake anateswa mahali fulani kwa sababu hakuna mtu aliyekaa chini akamweleza seli ni nini.

Nikutahadharishe mambo mawili. Kiingereza cha mwandishi ni chepesi, ni cha gazeti, lakini wahusika wanaongea kama wanavyoongea watu weusi wa kusini mwa Marekani, na mwanzoni kurasa kadhaa zitamkwaza. Akivumilia sura mbili tatu sikio linazoea. Pili, kuna sehemu chungu. Deborah alidhalilishwa utotoni na ndugu wa familia, na dada yake Elsie alifia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokuwa na hali ya kutisha. Mpwa wako ni mtu mzima, ataweza, ila kama katika maisha yake kuna jambo la kufanana na hilo unalolijua wewe mlezi, lipime kwanza.

Ukimaliza hapo unaweza kufunga ukurasa huu na kwenda dukani. Lakini najua duka linaweza kuwa halina, au ukagundua ameshakisoma, kwa hiyo nikupe vingine kwa hali tofauti.

Kama utasubiri mpaka majina yatoke na amepata udaktari kweli, basi kuna kitabu ambacho kwako wewe wa Morogoro ningekiweka karibu sawa na hicho cha kwanza. Ni The Checklist Manifesto cha daktari mpasuaji Atul Gawande, cha mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani lilimtaka asaidie kupunguza vifo vinavyotokana na upasuaji, naye na wenzake wakatengeneza orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla hajatolewa chumbani. Je, jina ni lake? Upande wa kupasuliwa umewekwa alama? Antibiotiki amepewa? Pamba na vifaa vimehesabiwa? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Humo zilikuwamo za Seattle, London, Toronto na New Delhi, na ilikuwamo ya Ifakara, huko kwenu Kilombero. Katika hospitali hizo nane kwa ujumla, matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa karatasi moja. Mwandishi alikwenda kujifunza kwa marubani na kwa wajenzi wa maghorofa, na fundi umeme anayejua kwa nini unakagua swichi kuu kabla hujagusa waya atakielewa kitabu hiki pengine kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kama Kiingereza hakikusumbui, kisome wewe kwanza. Kitawapa cha kuzungumza akirudi likizo.

Akipangiwa mambo ya wanyamapori, misitu au ikolojia, pale Sokoine kwa mfano, mtafutie In the Shadow of Man cha Jane Goodall, cha 1971. Aliingia Gombe, Kigoma, Julai 1960 akiwa na miaka 26 na hana hata shahada ya kwanza. Miezi michache baadaye akamwona sokwe akichomeka kijiti cha nyasi kwenye kichuguu na kukitoa kimejaa mchwa, wakati vitabu vya siku hizo vikisema kutengeneza na kutumia zana ni jambo la binadamu peke yake. Kinachofaa kwa mwanafunzi ni zile sura za mwanzo, anapowafuata sokwe siku baada ya siku nao wanamkimbia, wala haonekani kupata chochote cha kuandika.

Angekuwa wa PCM anayeelekea uhandisi ningetaja The Boy Who Harnessed the Wind cha William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyeachishwa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajifunza kwenye maktaba ya kijiji na kujenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na vyuma chakavu. Kinapendwa na kinasomeka haraka. Tahadhari ni moja: kipo cha watu wazima cha 2009, kipo kilichofupishwa kwa vijana wadogo, na kipo cha picha cha watoto, vyote kwa jina hilohilo. Tazama jaladani, kikiandikwa Young Readers Edition, rudisha. Mtu wa Kidato cha Sita akipewa kitabu cha watoto hatakwambia kitu, ila atajua.

Kipo kingine ninachokipenda kuliko vyote hivi na bado sikupendekezei. Ni The Periodic Table cha Primo Levi, mkemia wa Kiitaliano aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kina sura 21 na kila moja ina jina la elementi. Mwalimu wa kemia hawezi kuacha kukitaja. Lakini kinadai msomaji ajue kidogo habari za Italia ya Mussolini na vita vile, na kinasomeka vizuri zaidi kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi na kuchoka. Mpe akimaliza shahada.

Na viwili utakavyosifiwa na karibu kila mtu, kwa binti huyu ningevikwepa. The Double Helix cha James Watson, cha 1968, kinasimulia ugunduzi wa umbo la DNA na kinasisimua kweli. Lakini humo Rosalind Franklin, mwanakemia ambaye picha za mionzi ya eksirei kutoka maabara yake zilikuwa nguzo ya ugunduzi huo, anachorwa kama mwanamke mkali asiyejua kuvaa. Picha mashuhuri kuliko zote Watson alionyeshwa bila Franklin kujua. Kitabu kilipotoka, Franklin alikuwa amekufa miaka kumi iliyopita, akiwa na miaka 37, na hakuwa na namna ya kujibu. Kisomwe, ndiyo, ila kisiwe zawadi ya kwanza kwa msichana anayeingia maabara. Cha pili ni Surely You're Joking, Mr. Feynman! cha mwanafizikia Richard Feynman. Kinachekesha mno, na kina sura ya namna ya kuwapata wanawake wa baa ambayo sidhani ungependa mpwa wako aifungue huku umeandika jina lako mbele. Akitaka Feynman wa fizikia, mihadhara yake ya Caltech ya 1961 hadi 1963 imewekwa mtandaoni na chuo chenyewe, asome bure.

Umeuliza kuhusu Kiswahili. Kwa kiwango anachokwenda, vitabu vya kusimulia sayansi kwa lugha yetu ni haba mno. Kuna Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na ukiikuta kwa bei ya chini ichukue kwa ajili yako, utakapotaka kumwelewa akianza kuongea lugha za chuo. Kwake yeye chuo ni Kiingereza tupu kuanzia asubuhi, na kitabu cha kusoma kwa raha kitamsaidia lugha kuliko masomo ya ziada ya sarufi.

Lakini kipo cha nyumbani, na hakikugharimu hata elfu mbili. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Kidato cha Tatu wa Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walikuwa wanachemsha maziwa na sukari, wanaacha yapoe, kisha wanaweka kwenye friza. Siku moja akaona nafasi inaisha, akaweka yake ya moto. Ikaganda kabla ya ile ya baridi ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliendelea kuuliza na darasa likawa linamcheka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, kijana akanyanyuka akamuuliza swali lilelile, wenzake wakacheka tena. Osborne akarudi Dar, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala kwenye jarida la Physics Education, yenye kichwa cha neno moja, Cool? Mpemba anasimulia mwenyewe, kwa maneno yake. Ni kurasa nne tu. Hadi leo wataalamu hawajakubaliana: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo lipo, na wengine wakaendelea kulitetea. Mwombe kijana wa steshenari aitafute na kuichapa, ikunje, ichomeke ndani ya kitabu utakachonunua. Akiwa na friza na kipimajoto anaweza kujaribu mwenyewe kabla chuo hakijafunguliwa.

Kwenye kununua: piga simu kwanza usafiri wa bure usikupate. Kama dukani Morogoro hakuna, Dar jaribu maduka ya Samora, TPH wakiwemo, na wauza vitabu vya mtumba wa Posta, ambao mara nyingine wana vitabu hivi vikiwa safi kabisa. Kwa 60,000 kitabu kimoja cha jalada laini kinawezekana. Usidharau cha mtumba halisi. Dharau kipya cha bandia. Cha bandia utakijua: rangi ya jalada imefifia, karatasi ni nyeupe kama ya mtihani, ukikifungua sana katikati gundi inalia. Hicho cha Henrietta kina kurasa za picha katikati, za familia, za maabara, za seli zenyewe. Zikiwa hazimo au nyuso hazionekani, hiyo si nakala halali. Fungua pia kurasa tatu nne bila mpangilio uone namba zinafuatana.

Halafu fungua ukurasa wowote usome aya mbili kwa sauti ya chini. Kama hujashikwa, mwulize muuzaji akuonyeshe kingine. Wewe si mtaalamu wa biolojia lakini unajua mpwa wako anachekeshwa na nini na anakasirishwa na nini, na hilo mimi siwezi kulijua kutoka huku.

Ukiandika mbele ya kitabu, weka tarehe, jina lake kamili, na jambo moja unalolikumbuka wewe tu juu yake: pasi aliyoifungua vipande, kuku aliyempasua baada ya kuchinjwa ili aone moyo, chochote. Usiandike mawaidha. Atapewa ya kutosha na kila mtu siku ya kuaga.

Usimpe kabla ya JKT kama bado hajaenda. Kule hakuna muda wala pa kukihifadhi. Mpe akirudi, katika zile wiki ambazo hana la kufanya zaidi ya kusubiri udahili na kushika simu kutwa. Ndipo vitabu husomwa. Baada ya muhula kuanza hatagusa kisicho cha kozi mpaka likizo.

Na chenji ikibaki, usimnunulie kalamu. Mpe mkononi. Boom la kwanza, yaani pesa ya mkopo, huchelewa, na wiki zile za mwanzo chuoni zina foleni nyingi za kutoa fotokopi.